Vijeba, mamluki na ngoma: Nani ana haki ya kushindana Handeni na Korogwe?

KIJANA wa Handeni au Korogwe anayetaka kupanda jukwaani kushindana kucheza ngoma haulizwi kwanza kama miguu yake ni myepesi. Huulizwa ana umri gani, anasoma wapi, anatoka halmashauri ipi na ni nani atakayemtilia saini fomu yake.

Maswali hayo yanaonekana madogo, na wazazi wengi huyachukulia kuwa ni urasimu wa kawaida wa ofisini. Hata hivyo, ndiyo yanayomwengua kijana kabla ngoma haijapashwa moto, na ndiyo hayo hayo yanayomlinda pale mwandaaji wa shindano anapokuwa na nia isiyo njema.

Ugumu unaanzia kwenye ukweli kwamba hakuna sheria moja inayoitwa sheria ya mashindano ya ngoma za vijana. Kilichopo ni vipande vipande: sheria ya mtoto, sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), taratibu za michezo ya shule, sheria ya hakimiliki, na masharti ambayo mwandaaji huyaandika mwenyewe au, kama inavyotokea mara nyingi, huyaacha bila kuyaandika.

Neno la kwanza linalohitaji kufafanuliwa ni lile linalopachikwa kwenye kila bango la mashindano hayo: kijana.

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, kijana ni mtu mwenye umri wa kati ya miaka 15 na 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 nao unatumia umri huo huo. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, humhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 24.

Wakati huo huo, Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hivyo msichana wa miaka 16 wa Manundu mjini Korogwe ni kijana mbele ya sera na ni mtoto mbele ya sheria, siku moja, kwenye jukwaa moja.

Jambo hilo si mchezo wa maneno. Bango linapotangaza "mashindano ya vijana" bila kutaja umri, baba wa miaka 34 mwenye watoto watatu anaweza kusimama mstari mmoja na mwanafunzi wa kidato cha pili, wakashindania zawadi moja, na asiwepo wa kumwambia kwamba amekosea. Shindano lenye uzito huanza kwa kutenganisha makundi ya umri, na huandika tarehe ambayo umri huo utahesabiwa.

Kwa walio shuleni, mlango mkubwa ni michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Watu wengi huijua kwa soka, netiboli na riadha, lakini ndani yake zimo pia kwaya na ngoma, ambazo husikika kidogo redioni ingawa hukusanya watazamaji wengi kuliko baadhi ya michezo yenye vikombe vikubwa.

Ngazi zake zinafahamika. Mshiriki huanzia shuleni, hupita kwenye kata na halmashauri, kisha mkoani, na wale waliobaki huuwakilisha mkoa katika mashindano ya kitaifa. Fainali za mwaka 2021 zilifanyika Mtwara, na za mwaka 2022 zilihamia Tabora.

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Wilaya za Handeni na Korogwe, zilizounganishwa na barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 65, zina halmashauri nne: Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, Halmashauri ya Mji wa Handeni, Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe na Halmashauri ya Mji wa Korogwe. Mkoa mzima wa Tanga una halmashauri 11.

Mtoto anayelala kijijini na kusoma mjini yumo katika halmashauri mbili kwa wakati mmoja. Katika michezo ya shule jibu ni rahisi, kwa kuwa mwanafunzi huhesabiwa kwa shule yake. Katika mashindano ya mitaani jibu halipo mpaka mwandaaji aliandike, na ugomvi wa "huyu si wa kwetu" huanza siku ya fainali, wakati watu wameshalipa kiingilio.

Michezo ya shule ina msamiati wake wa udanganyifu. Mamluki ni mshiriki aliyechukuliwa nje ya shule, au nje ya halmashauri, ili aongeze nguvu. Kijeba ni aliyepita umri lakini anavaa sare ya wadogo. Maneno hayo yametoka kwenye mpira, na mpira ndio unaoeleza vizuri kwa nini yanaogopwa.

Mwaka 2005 timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia, kisha ikaenguliwa kwa kosa la kumchezesha kijeba. Zimbabwe ikachukua nafasi yake. Miaka 12 baadaye mambo yaligeuka: Kongo-Brazzaville iliondolewa baada ya mchezaji wake kutofika kwenye kipimo cha umri, na Serengeti Boys wakaenda Gabon katika fainali za mwaka 2017.

Kipimo hicho ni picha ya kifundo cha mkono inayopigwa kwa mashine ya hospitali, na FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. Kwa mashindano ya ngoma ya wilaya, hakuna atakayempeleka mtoto kwenye mashine ya namna hiyo, wala haifai. Kinachobaki ni karatasi.

Na kwenye karatasi ndiko watoto wengi wa vijijini wanakokwama.

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa takriban robo tu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamesajiliwa vizazi, na waliokuwa na cheti mkononi walikuwa wachache zaidi. Watoto waliohesabiwa katika utafiti huo ndio ambao leo wako madarasa ya juu ya shule za msingi na kwenye sekondari, yaani ndio hasa wanaolengwa na mashindano haya.

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) uliamua kuupeleka usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti kikatolewa bila malipo. Mpango huo umeenezwa mkoa baada ya mkoa tangu ulipoanza kutekelezwa mkoani Mbeya mwaka 2013. Aliyekwisha kuvuka umri huo kabla ya mpango kumfikia hufuata njia ya kawaida, yenye ada na safari ya ofisini.

Ndiyo maana sharti linalosema "cheti cha kuzaliwa tu" linaonekana la haki likiwa kwenye karatasi, lakini uwanjani linawapa nafasi watoto wa watumishi na wafanyabiashara na kumwacha nje mtoto wa mkulima wa Kwamsisi. Sharti la busara zaidi hukubali vielelezo kadhaa: kadi ya kliniki, rejista ya shule, au kwa wanafunzi, namba ambayo kila mmoja hupewa katika mfumo wa taarifa za wanafunzi wa Baraza la Mitihani la Tanzania.

Rejista ya shule ina udhaifu wake. Mwalimu mkuu anayetaka kombe ndiye huyo huyo anayeitunza. Kwa sababu hiyo orodha ya majina hufaa ibandikwe mapema mahali pa wazi, shule nyingine ziione, na pingamizi zipokelewe kabla ya siku ya mashindano. Pingamizi linaloletwa baada ya matokeo kutangazwa huwa na harufu ya kushindwa, hata linapokuwa la kweli.

Madhara ya umri usiothibitishwa mapema yamewahi kuonekana hata kwenye jukwaa kubwa la kitaifa. Mshindi wa Miss Tanzania wa mwaka 2014 alilivua taji baada ya mabishano marefu kuhusu umri wake, na mwishoni mwa mwaka huo BASATA ililisimamisha shindano lote. Waliokuwa wakijiandaa kushiriki mwaka uliofuata, ambao hawakuwa na hatia yoyote, waliadhibiwa pamoja na waandaaji.

Vijana walio nje ya shule, ambao katika wilaya hizi ni wengi, hawana UMISSETA. Aliyemaliza darasa la saba akabaki kuendesha bodaboda, au binti anayeuza matunda kwenye kituo cha mabasi Korogwe, mlango wake ni kikundi.

Hapo sheria inayohusika ni ile iliyounda BASATA, Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, pamoja na kanuni zake za mwaka 2018. Kwa kanuni hizo, msanii na kikundi wanapaswa kusajiliwa, na anayeandaa tukio la sanaa anapaswa kuwa na kibali. Kwa watu wa wilayani, mlango wa kwanza ni Afisa Utamaduni wa halmashauri, na siku hizi maombi hupelekwa pia kwa njia ya mtandao.

Kikundi kinachotaka kusajiliwa hutakiwa kuwa na katiba, viongozi wanaojulikana na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa. Vijana wengi huishia hapo. Neno katiba huwatisha, ilhali kwa kikundi cha watu 12 si zaidi ya kurasa chache zinazosema nani ni mwenyekiti, nani anashika fedha, na zawadi ikipatikana itagawanywa vipi.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, na ndicho kinachovunja vikundi. Kikundi hushinda, mwenye spika anadai nusu, aliyeshona mavazi anadai gharama zake, mpiga ngoma mkuu anahama, na mwaka unaofuata hakuna kikundi.

Wanachama walio chini ya miaka 18 wana kizingiti kingine. Kwa sheria za mikataba za nchi, mtoto hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba. Fomu yoyote inayompa mwandaaji haki ya kutumia picha za mtoto, sauti yake au muda wake ni lazima ipite mikononi mwa mzazi au mlezi, na mlezi huyo anapaswa kuisoma. Saini ya kaka mkubwa aliyekutwa kijiweni haitoshi.

Linalofuata ni saa na mahali. Sheria ya Mtoto inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata nafasi ya kucheza na kupumzika, jambo ambalo wazazi wanaodhani ngoma ni uhuni wangefaa kulijua. Lakini sheria hiyo hiyo inamkataza mwenye ukumbi wa disko kumruhusu mtoto aingie nyakati za usiku, na inakataza mtoto kuuziwa pombe na sigara.

Sasa mji kama Chanika, Handeni, au Korogwe hauna majumba ya sanaa. Kumbi zilizopo zenye umeme wa uhakika na spika kubwa ni zile zilizoambatana na baa. Mwandaaji anayekodi ukumbi wa namna hiyo kuanzia saa 2 usiku, akaweka kipengele cha watoto wa miaka 14, amevunja sheria kabla mshiriki wa kwanza hajaitwa, hata kama ana kibali cha kila ofisi.

Pale mtoto anapolipwa ili atumbuize, mambo huhama kutoka kwenye mchezo na kuingia kwenye kazi. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mashindano ya watoto, kwa hiyo, ni ya mchana, uwanjani au shuleni. Viwanja vya mpira vipo, na jua la Tanga halijawahi kumzuia mtu kucheza ngoma.

Baada ya umri, karatasi na mahali, linakuja swali la muziki wenyewe, na hapa pana historia ndefu ya wakubwa kuwachagulia vijana la kucheza.

Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge Desemba 1962 baada ya kuapishwa kuwa Rais na kutangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana, alilalamika kwamba vijana wasomi walijivunia rumba na chachacha huku hawazijui ngoma za wazazi wao. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2023, picha za video za wanafunzi wakicheza wimbo "Honey" wa Zuchu zilipoenea mitandaoni, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku shuleni nyimbo zisizozingatia maadili.

Kwa mwalimu wa sanaa wa Korogwe, agizo hilo lina maana ya moja kwa moja. Wimbo utakaochezwa na wanafunzi lazima usikilizwe kwanza, maneno na mdundo wake, na anayeuidhinisha ajulikane kwa jina na cheo. Marufuku isiyosema nani anaamua maadili ni yapi humwacha mwalimu mwoga akizuia kila kitu na mwalimu jasiri akisubiri barua ya onyo.

Mwandaaji anayepiga nyimbo zilizorekodiwa mbele ya watu waliolipa kiingilio anaguswa pia na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999. Wimbo kusikika bure kwenye simu hakumaanishi kuwa ni bure jukwaani. Wachache hulijua hili, na wachache zaidi hulitekeleza.

Sheria hiyo ya mwaka 1999 ina sehemu nyingine ambayo karibu haitajwi wilayani. Inalinda sanaa za jadi, zikiwamo ngoma, na kuiweka BASATA kuwa mamlaka ya kuidhinisha pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Maana yake ni kwamba selo ya Wazigua au mdumange ya Wasambaa, ikichezwa harusini kijijini, haimhitaji mtu aombe ruhusa. Ikipelekwa kwenye ukumbi wa viingilio, inaingia kwenye himaya ya sheria.

Hata hivyo, ni ngoma ipi iitwe ya asili ya Handeni au ya Korogwe? Waandaaji wanaoweka kipengele cha "ngoma ya asili ya eneo" hudhani jibu linajulikana.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, wakati wa Wajerumani, na mashamba ya mkonge yakatanda kandokando yake. Yalikusanya vibarua kutoka pande zote za nchi na nje ya mipaka yake, na kila kabila lilikuja na ngoma zake. Mjukuu wa Mmakonde aliyezaliwa kambini Korogwe, ambaye hajawahi kuona Newala, anacheza sindimba kama kitu cha nyumbani, na kwake ni cha nyumbani kweli.

Handeni nako mambo yamebadilika karibuni zaidi. Tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera kimepokea familia za wafugaji wa Kimaasai waliohama kutoka Ngorongoro, katika mpango ambao Serikali iliueleza kuwa wa hiari na ambao watetezi wa haki za binadamu waliupinga. Vijana wa familia hizo wanasoma katika shule za Handeni. Siku watakaposimama kuruka kwa mtindo wa kimorani kwenye mashindano ya halmashauri, jaji atakayewanyima alama kwa hoja kwamba hiyo si ngoma ya Kizigua atakuwa ameamua jambo kubwa kuliko ngoma.

Njia iliyo salama ni kuandika "ngoma ya asili ya Kitanzania", na kumwachia jaji apime kama imechezwa sawasawa. Jaji huyo naye awe ni mtu anayeijua, au aketi na mzee anayeijua. Si haki mdumange kuhukumiwa na mtu aliyewahi kuiona kwenye televisheni pekee.

Ieleweke pia kwamba ngoma za unyagoni na jandoni zina wenyewe na zina mahali pake. Kuzitoa huko na kuwachezesha watoto mbele ya watazamaji mchanganyiko kwa kisingizio cha kuenzi utamaduni ni kosa hata kwa utamaduni wenyewe, ambao ulizificha kwa makusudi.

Mashindano ya ngoma yenye masharti ya kujiunga si kitu kigeni katika ukanda huu. Beni, iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea Tanganyika nzima baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na vyama viwili hasimu, Marini na Arinoti. Vyama hivyo vilikuwa na michango ya wanachama, vyeo kuanzia mfalme hadi jenerali, na adhabu kwa waliokiuka taratibu. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1975. Vijana wa wakati ule walijua kabla ya kupiga hatua ya kwanza nani ni mwanachama na nani si mwanachama.

Suala la alama halina budi kuguswa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, ambako breki-dansi ilishindaniwa kwa mara ya kwanza, majaji walitumia vigezo vitano vyenye uzito sawa: ufundi, wingi wa mitindo, utekelezaji, kwenda na muziki, na upekee wa mchezaji. Kila mshiriki alivijua kabla ya kupanda ndege.

Michezo hiyo ilionyesha pia kwamba sharti dogo huweza kumtoa mtu. Manizha Talash, mzaliwa wa Afghanistan aliyeshiriki katika timu ya wakimbizi, alienguliwa kwa kuonyesha kwenye vazi lake maneno ya kutaka uhuru wa wanawake wa nchi yake. Wengi walimpongeza, lakini kanuni ya kukataza ujumbe wa kisiasa ilikuwa imeandikwa, naye aliivunja mbele ya dunia nzima.

Handeni na Korogwe hakuna haja ya mfumo wa Paris. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo za kata inatosha, ikitaja muda wa kila kikundi, idadi ya wachezaji, kama ala za kupigwa ni lazima au muziki wa kurekodiwa unaruhusiwa, mavazi yasiyokubalika, na alama za kila kigezo. Mavazi yatajwe kwa uwazi. Kusema "mavazi ya heshima" bila kufafanua ni kumpa jaji fimbo ya kumchapia asiyempenda, na wanaochapwa mara nyingi ni wasichana.

Fedha zitajwe vilevile. Ada ya kujiandikisha inapokuwepo, iandikwe kama hurudishwa kikundi kikienguliwa, na zawadi ya mshindi iandikwe kwa tarakimu. Bango linaloahidi "zawadi nono" halimbani mwandaaji kwa lolote.

Kuna wanaosema kwamba mashindano makubwa yako Dar es Salaam na kwamba haya ya wilayani ni mazoezi tu. Ni kweli kwamba shindano la Dance 100% la kituo cha televisheni cha EATV, lililovuma katika miaka ya 2010, lilikuwa la vikundi na kitovu chake kilikuwa Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka Korogwe. Kikundi kisicho na usajili, kisicho na fomu za wazazi na kisicho na vielelezo vya umri hakiwezi kusafiri umbali huo, hata nauli ikipatikana.

Mzazi anayeletewa fomu jioni na mtoto mwenye haraka anaweza kuanza na mambo machache. Aangalie kama jina na simu ya mwandaaji vipo, na kama kuna kibali chenye muhuri wa halmashauri. Asome shindano linaanza na kuisha saa ngapi, linafanyika wapi, na nani mtu mzima atakayesafiri na watoto, akiwamo mwanamke pale wasichana wanapokuwa kwenye kikundi. Aulize watalala wapi iwapo basi litakosekana. Fomu isiyo na majibu hayo irudishwe kwa Afisa Utamaduni kabla ya kusainiwa, ambaye ofisi yake iko katika kila moja ya halmashauri hizo nne na ambaye kazi yake ni pamoja na kuyajibu.